Birika la Gesti ni la Nani?

Katika jiko la ofisi yoyote ya Uingereza, pale wafanyakazi wanapopikia chai na kupashia chakula cha mchana, geuza plagi ya birika la umeme uitazame mgongoni. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya kijani yenye tarehe, namba ya kifaa, jina la aliyekikagua na neno la kuthibitisha kwamba kimefaulu. Stika kama hiyo imebandikwa kwenye kompyuta, kwenye feni, kwenye mashine ya kusafishia zulia, hata kwenye taa ya mezani ya mhasibu. Wenyewe huiita kazi hiyo kwa herufi tatu, PAT: upimaji wa vifaa vya umeme vinavyohamishika. Wako watu wanaoishi kwa kazi hiyo peke yake. Huzunguka ofisi hadi ofisi na kisanduku cha kupimia na bunda la stika, na kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya vifaa.

Baadhi ya stika hizo zimeshafika kwetu. Kompyuta zilizotumika huletwa kwa makontena kutoka huko na kuuzwa Dar es Salaam na Nairobi, na si ajabu kukuta moja ingali na stika yake. Mnunuzi huibandua kwa kucha kwa sababu inaharibu sura ya kitu chake. Simlaumu. Stika iliyobandikwa Birmingham miaka mitano iliyopita haimwambii lolote kuhusu kebo iliyobanwa ndani ya kontena baharini. Ila swali lililoifanya stika ile ibandikwe ndilo ambalo sisi hatujaliuliza kwa sauti: kifaa cha umeme kikimdhuru mtu ambaye si chake, anayewajibika ni nani?

Hata Uingereza wengi wanaamini sheria inataka kila kifaa kipimwe kila mwaka. Haitaki. Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989, zilizoanza kutumika Aprili 1990, zinasema tu kwamba mifumo ya umeme itunzwe isije ikaleta hatari, kadiri inavyowezekana kwa busara, na birika limo ndani ya mifumo hiyo. Stika haikutajwa. Mwaka haukutajwa. Kilichomo ni wajibu wa mwenye kazi, na mbele kidogo kuna kifungu kinachomruhusu aliyeshtakiwa ajitetee kwa kuonyesha kwamba alichukua kila hatua ya busara kuepusha madhara. Mimi naona stika ilizaliwa kwenye kifungu hicho. Ni karatasi ya mtu anayejiandaa kwenda mahakamani, na palipo na mtu wa namna hiyo hapakosi mwingine wa kumuuzia karatasi.

Mambo yalizidi mpaka serikali yenyewe ikashtuka. Mwaka 2011 Profesa Ragnar Löfstedt wa King's College London alipewa kazi ya kuzipitia sheria za usalama kazini, na miongoni mwa aliyoyakuta ni ofisi zinazopima vifaa kupita kile sheria inachodai. Akapendekeza mwongozo uwekwe wazi. Mwongozo wa HSE, mamlaka ya huko ya afya na usalama kazini, sasa unasomeka kama maneno ya mtu mwenye akili zake. Katika ofisi ya kawaida, birika likaguliwe kwa macho kila miezi sita hadi mwaka, na lipimwe kwa mashine kila mwaka mmoja hadi miwili. Kompyuta ya mezani ikaguliwe kwa macho kila miaka miwili hadi minne. Feni ya mezani yenye kinga maradufu, ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, haina haja ya mashine kabisa, itazamwe tu. Na kuna sentensi humo ambayo wauza stika hawaipendi: kasoro nyingi huonekana kwa macho.

Nakaa hapo kwa makusudi, kwa maana macho tunayo na mashine hatuna.

Plagi tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda, yenye pini tatu za bapa, ni ya kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha na shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo wahandisi wao wakabuni namna ya kuzungusha waya mmoja mnene nyumba nzima, soketi nyingi zikitegemea mzunguko huo huo. Ukifanya hivyo, fyuzi kubwa ya kwenye ubao wa umeme haiwezi kuilinda kebo nyembamba ya taa ya mezani. Ndipo wakaweka fyuzi ndogo ndani ya kila plagi. Pini ya juu wakaifanya ndefu kuliko wenzake ili iingie kwanza: inafungua vijilango vya matundu mawili ya chini, na inaunganisha waya wa ethi kabla umeme haujafika kwenye kifaa. Ni kazi ya watu waliofikiri sana, na sisi tumeirithi bila maelezo yake.

Ndiyo maana pasi yenye pini mbili za mviringo, iliyonunuliwa Kariakoo au iliyoletwa na shemeji kutoka safari, haituzuii. Tunachukua kifuniko cha kalamu, tunakisukuma kwenye tundu la juu, vijilango vinafunguka, na pini mbili zinasukumwa kwa nguvu mahali ambapo hazikukusudiwa. Kwa kitendo hicho kimoja tumeondoa ethi, tumeondoa fyuzi ya plagi, na tumebakiza mguso legevu kati ya chuma na chuma. Mguso legevu una ukinzani mkubwa, na penye ukinzani umeme huzaa joto. Joto hilo halipandi kwa hesabu ya kawaida: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Soketi ya kahawia pembeni, iliyoanza kunuka plastiki, imeshaeleza habari zake zote. Hakuna anayehitaji mashine kuisoma.

Fungua plagi. Waya wa kahawia ndio wenye moto, wa bluu unarudisha, wa kijani na njano ni ethi. Kuna kibanio kinachopaswa kuishika kebo kwa ganda lake la nje, ili mtu akivuta birika nyaya zisichomoke. Mara ngapi kibanio hicho hakishiki kitu, na nyaya tatu zimening'inia kwenye skrubu zake? Halafu tazama fyuzi. Watu hudhani fyuzi inamlinda mtu asipigwe shoti. Haimlindi. Mkondo wa kumuua mtu ni mdogo sana. Vile vifaa vya kwenye ubao vinavyokata umeme ukivuja huwekwa vikate kwenye miliampea 30, wakati fyuzi ya ampea 13 haitajua hata kama kuna jambo. Fyuzi inailinda kebo isiungue. Kwa hiyo taa ya mezani yenye kebo nyembamba inastahili fyuzi ya ampea 3, na fundi anapoondoa fyuzi iliyokatika akaweka kipande cha waya, kebo yenyewe ndiyo inayogeuka fyuzi, na itakatikia chini ya zulia au nyuma ya kitanda.

Ekstensheni nazo zinahitaji neno lake. Kebo ya unene wa milimita za mraba 0.75 imekusudiwa kubeba kama ampea 6. Birika peke yake linaipita, na sisi tunalichomeka pamoja na friji, televisheni na chaja tatu, kisha kebo iliyobaki tunaizungusha vizuri na kuifunga kwa mpira ili isichafue chumba, na hapo joto linakosa pa kutokea. Kuna jaribio ambalo mtoto wa shule anaweza kulifanya dukani kabla ya kulipa: sumaku haivuti shaba. Nyaya za ndani zikirukia sumaku, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Mashine ya mpimaji wa Kiingereza inaongeza mambo mawili ambayo macho hayawezi. Kwanza inapima kama ganda la chuma la birika limeunganishwa kweli na pini ya ethi. Ukinzani haupaswi kuzidi sehemu moja ya kumi ya ohmu, ukijumlisha na ule wa kebo. Pili inasukuma volti 500 kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye ganda. Kwa kifaa cha chuma, kinga isipungue megaohmu moja. Dakika chache tu, na namba mbili zinaandikwa. Ni kipimo kizuri na sina ugomvi nacho. Ila kinaishia kwenye plagi. Hakipimi tundu la ukutani. Mpimaji wa Leeds anachukulia kwamba upande wa pili wa ukuta ethi ipo.

Hapa kwetu huwezi kuchukulia hivyo. Ethi ya nyumba ni nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na kuna nyumba ambazo nondo hiyo ni fupi mno, nyingine ni kipande cha chuma cha kawaida kilichokwisha kuoza, nyingine iling'olewa na wauza vyuma chakavu, nyingine haikuwahi kuwepo na waya wa kijani umekatwa ukafichwa nyuma ya boksi la soketi. Birika lililofaulu kwa alama zote, likichomekwa kwenye nyumba kama hiyo, linategemea bahati. Mama anayegusa friji na mkono ukamtetemeka, kisha akajifunza kuvaa ndala kabla ya kulifungua, anaishi na tatizo ambalo stika ya kijani isingeligusa. Kwa hiyo anayetaka kutuletea PAT kama ilivyo, aanzie ardhini kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa stika, na hii Mtanzania yeyote mwenye gari hahitaji kuelezwa. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani vioo vya magari hupata stika mpya. Waulize madereva wa daladala kama boneti ilifunguliwa kabla ya kubandikwa. Umeme nao una hadithi yake: kabla nyumba haijaunganishwa, fomu ya wayaringi inahitaji mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, na kila mtaa una habari za mhuri uliosafiri peke yake, mwenye mhuri akiwa hajawahi kuuona mlango wa nyumba. Nikitazama Waingereza, wenye mahakama zinazotisha na bima zinazouliza maswali, nao wakafika mahali mtu anabandika stika nyingi kwa siku kwa kuwa analipwa kwa hesabu ya stika, sioni kwa nini sisi tungekuwa na kinga ya ugonjwa huo.

Tuje kwenye nyumba za kupanga, maana huko ndiko Waingereza walikojikwaa vibaya zaidi. Julai 3, 2009, jengo la Lakanal, kusini mwa London, liliwaka na watu sita wakafa. Moto ulianzia kwenye televisheni yenye hitilafu. Juni 14, 2017, ikawa zamu ya jengo la Grenfell, magharibi mwa jiji hilo hilo. Uchunguzi ulioongozwa na jaji mstaafu Martin Moore-Bick ulibaini kwamba moto ulianza jikoni kwenye ghorofa ya nne, kwa hitilafu ya umeme katika friji kubwa. Walikufa watu 72. Friji pekee halingeweza kuua watu 72, na ni haki lisemwe hilo: moto wa jikoni ulipaswa kuishia jikoni, lakini jengo lilikuwa limevishwa mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, nayo yakaubeba mpaka juu. Hata hivyo, moto huanza mahali.

Kanuni zilizotungwa England mwaka 2020 kwa nyumba za kupanga za watu binafsi zilimtaka mwenye nyumba ahakikishe nyaya, soketi na ubao wa umeme vinakaguliwa angalau kila miaka mitano, na zilipotoka faini yake iliweza kufika pauni 30,000. Vifaa havikuguswa, vikaachwa kwenye ushauri. Majengo mawili yaliwashwa na televisheni na friji, kanuni ikaenda kukagua ukuta. Scotland walikuwa wameshafanya tofauti: tangu Desemba 2015, ukaguzi wa huko unahusu nyumba pamoja na vifaa ambavyo mwenye nyumba amempa mpangaji. England ndiyo kwanza mwaka 2025 ikaanza kuelekea huko, tena kwa nyumba za kupanga za kijamii. Kwa maoni yangu Scotland walielewa. Hawakuuliza kifaa kiko wapi. Waliuliza kimetolewa na nani.

Ukilileta swali hilo hapa, majibu yanachekesha kabla hayajaudhi. Mkataba wa pango wa uswahilini, ukiwepo kwa maandishi, hutaja umeme mara nyingi kwa sentensi moja: hairuhusiwi kutumia pasi, hita wala jiko la umeme. Ungedhani mwenye nyumba anaogopa moto. Anaogopa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, vyumba ni sita, na uniti zikiisha usiku ugomvi unafika mlangoni kwake. Usalama haumo. Mpangaji naye, akijua amekatazwa, huchomeka hita kwa siri, chini ya kitanda, kwa ekstensheni iliyofichwa, yaani mahali pabaya kuliko pote. Katazo lililowekwa kulinda uniti limezaa hatari ambayo ruhusa isingeizaa.

Kwa vyumba vya namna hiyo, ambapo mwenye nyumba hatoi chochote ila taa na soketi, mimi nasema soketi ndiyo kifaa chake. Imo katika kodi. Amlipe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ethi na kukaza soketi, na asimsukumie mpangaji gharama kwa hoja kwamba “umeharibu wewe” wakati soketi ililegea kabla mpangaji hajazaliwa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka mwenye nyumba akabidhi nyumba inayofaa binadamu kuishi. Nyumba ambayo bomba lake la maji linatetemesha mkono haifai binadamu kuishi, na wala huhitaji wakili kulijua hilo.

Gesti, hosteli za wanafunzi na fleti zinazokodishwa zikiwa na kila kitu ndani ni jambo jingine, na hapo sina huruma. Mgeni anaingia saa nne usiku, anakuta birika, feni na televisheni. Hakuvichagua, hajui vilikotoka, hakai muda wa kutosha kugundua kwamba plagi ya birika inapata moto. Mwenye gesti ameviweka ili chumba kilipiwe zaidi. Faida anaichukua yeye, na hatari ameiachia mtu aliyefika kulala usiku mmoja. Kwa mhudumu anayefagia, chumba hicho ni mahali pa kazi, na Tanzania tayari ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wa OSHA wa kuisimamia. Birika linalomhusu mhudumu asubuhi ni lile lile lililomhusu mgeni usiku. Ukutani pale korido utakuta mtungi wa kuzimia moto, na mtungi huo una karatasi yake ya tarehe, kwa kuwa watu wa Zimamoto watauliza. Tumekubali kukagua kifaa cha kuzimia moto kila mwaka, na vya kuuwashia hatujaviangalia.

Ninachokitaka hakihitaji stika wala kampuni mpya. Orodha ya makabidhiano, ile inayohesabu funguo, balbu na vitasa, ihesabu pia vifaa vya umeme, na aliyevitoa awe ndiye anayewajibika navyo mpaka vitoke. Gesti na hosteli ziwe na daftari la kawaida la mistari: tarehe, chumba, kilichotazamwa, kilichoonekana, kilichofanywa. Mhudumu anayebadilisha shuka anaweza kufundishwa asubuhi moja atazame plagi, kebo na soketi, na apewe mamlaka ya kukiondoa kifaa bila kumuomba meneja ruhusa. Fundi mwenye leseni aje mara moja kwa mwaka kupima ethi na vile vya chuma vinavyochemsha maji au kupiga pasi. Daftari linaweza kudanganywa, najua. Lakini uongo wa daftari ni mgumu kidogo kuliko wa stika: mwandiko ni wa mtu, na atakayesimama mbele ya hakimu ataulizwa kwa nini vyumba ishirini vilionekana salama siku moja kwa kalamu moja.

Wenye nyumba watasema kodi itapanda. Baadhi wataipandisha kweli, kama walivyoipandisha kwa sababu nyingine nyingi bila kugusa soketi. Wengine watasema mkaguzi mpya ni mdomo mpya wa kulisha, na hao nawaelewa zaidi. Ndiyo maana sitaki mkaguzi wa kupita mlango kwa mlango. Nataka wajibu uandikwe kwenye mkataba na sheria, ili siku mtu akiungua, mzigo wa kueleza uwe kwa mwenye birika na usiwe kwa familia ya aliyeungua.

Limebaki jambo ambalo huwa halitajwi. Wapimaji wa Uingereza, kifaa kikishindwa na hakitengenezeki, wengi hukata kebo yake palepale ili asitokee wa kukiokota. Sisi hatutupi. Birika lililoanza kupiga watu shoti chumba namba saba linatolewa chumba namba saba na kupewa mlinzi getini, kwa nia njema kabisa, akachemshie chai usiku. Friji la ofisini linalotetemesha linauzwa kwa bei poa kwa mfanyakazi mwenye mshahara mdogo. Kanuni yoyote itakayoandikwa iseme wazi kwamba kifaa kilichoondolewa kwa hatari hakigawiwi wala hakiuzwi mpaka fundi amekitengeneza na kusaini kwenye daftari, na kama hakitengenezeki, kebo ikatwe mbele ya mwenye nacho.